Francis Wilford, Mtaalamu wa Kisanskriti, na Nchi ya Mwezi

1.0 Utangulizi

Jina la Francis Wilford hutajwa zaidi na wanafunzi wa Kisanskriti kuliko na wale wa lugha za Kibantu. Hata hivyo, maandishi yake yanaihusu moja kwa moja historia ya njia ya misafara iliyounganisha pwani ya Mrima, Tabora na Ujiji. Wilford hakuwahi kufika Unyamwezi. Lakini miaka mingi baada ya kifo chake, ramani iliyotokana na utafiti wake ilitumiwa kueleza asili ya jina la Unyamwezi na chanzo cha mto Nile. Kisa hicho kinastahili kuchunguzwa, kwani kinagusa swali la msingi katika isimu ya kihistoria: ushahidi wa majina una uzito gani?

2.0 Kazi yake Benares

Wilford alikuwa mtu wa asili ya Hanover, Ujerumani, aliyefika Bara Hindi katika miaka ya 1780 akiwa ofisa katika jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi Mashariki. Aliishi Benares, mji mashuhuri kwa elimu ya Kihindu, na huko ndiko alikofariki mwaka 1822. Kipindi hicho kilikuwa cha msisimko mkubwa wa kitaaluma. Mwaka 1784 William Jones alianzisha huko Calcutta jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Asia, na mwaka 1786 alieleza uhusiano wa Kisanskriti na Kigiriki na Kilatini. Baada ya ugunduzi huo, wengi waliamini kwamba maandiko ya Kihindu yangeweza kufumbua mafumbo ya historia ya dunia nzima.

Wilford alikuwa mmoja wao. Alishikilia kwamba Purana, yaani maandiko ya kale yenye visa vya miungu na nasaba za wafalme, zilihifadhi jiografia ya Misri na ya nchi za mto Nile. Mwaka 1792 alichapisha makala marefu katika jarida la jumuiya hiyo, yakiambatana na ramani. Humo mlikuwamo ziwa Amara, milima ya Soma-giri, na nchi aliyoiita Chandristhan. Maneno soma na chandra yote hutaja mwezi katika Kisanskriti. Jones mwenyewe aliyapokea matokeo hayo kwa heshima.

3.0 Udanganyifu na ungamo

Utaratibu wa Wilford ulikuwa na kasoro kubwa. Alimwajiri pandita, yaani mwanachuoni wa Kihindu, amtafutie vifungu vinavyofaa katika maandiko. Ili kumwongoza, alimsimulia kwanza visa vya Wamisri na Wagiriki pamoja na habari za jiografia alizozipata katika vitabu vya Ulaya. Pandita alielewa kilichokuwa kikitakiwa. Alifuta majina katika miswada na kuandika mengine mahali pake. Na pale ambapo hakupata kitu, alitunga beti mpya kwa mtindo wa zile za kale. Kwa hiyo, kile ambacho Wilford alikisoma kama ushuhuda wa Wahindu wa zama za kale kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mwangwi wa maneno yake mwenyewe.

Baadaye Wilford alipoikagua miswada kwa makini aligundua mabadiliko hayo. Pandita alikana kwa hasira na kuleta Wabrahmani kumi waape kwamba maandiko yalikuwa halisi, lakini hila ilikuwa imekwisha kufichuka. Mwaka 1805 Wilford aliyaeleza yote katika jarida lile lile lililokuwa limemtangaza. Haikuwa hatua nyepesi, kwani alikuwa akiibomoa hadharani sifa yake mwenyewe.

4.0 Ramani yafika Unguja

Mnamo Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kaze, makazi ya wafanyabiashara Waarabu katika eneo la Tabora ya leo. Mwenyeji wao, Sinai bin Amir, aliwaeleza kwamba ziwa la Ujiji na lile la Ukerewe ni maziwa mawili tofauti. Habari hizo zilikuwa matunda ya safari na biashara. Speke alizifuata kuelekea kaskazini, naye akaliona ziwa la Ukerewe tarehe 3 Agosti 1858. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi Bara Hindi, alizungumza naye kwa Kihindustani.

Mwaka 1860, alipokuwa Unguja akijiandaa kwa safari ya pili, Speke alipewa makala na ramani ya Wilford na balozi wa Uingereza, Rigby. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alidai kwamba Wahindu wa kale ndio waliokuwa chimbuko la elimu ya maziwa hayo, na akalilinganisha jina Amara na jina la nchi iliyo kaskazini-mashariki ya ziwa. Ungamo la Wilford lilikuwa limekwisha kuchapishwa miaka 58 kabla. Aidha, Amara lilikuwa jina la mlima wa Uhabeshi lililojulikana katika vitabu vya Ulaya muda mrefu kabla ya Wilford.

5.0 Tathmini

Jina Unyamwezi huelezwa kwa kawaida kuwa lilitoka kwa watu wa pwani, likimaanisha upande wa magharibi unakoandama mwezi. Wenyeji wenyewe hutaja pande kwa maneno yao, kama vile sukuma kwa kaskazini na dakama kwa kusini. Milima ya Mwezi ya Ptolemy, Soma-giri ya pandita na Unyamwezi wa wapagazi hukutana katika maana ya neno moja tu. Mfanano wa maana si uthibitisho wa asili moja. Kila jina lazima lielezwe kwanza ndani ya lugha yake.

Wilford amebaki katika kumbukumbu kama mtaalamu aliyedanganywa. Hukumu hiyo haijakamilika. Pandita alighushi maandiko, lakini mtafiti ndiye aliyempa msaidizi wake jibu kabla ya swali, na hatari hiyo ingali inamkabili kila mwanaisimu anayekusanya data kwa msaada wa mtoa habari. Zaidi ya hayo, Wilford alisahihisha kosa lake akiwa hai. Waliolirudia baadaye walikuwa na ungamo lake mbele yao, na kwa kutolisoma waliwapa waandishi wa kubuni sifa iliyowastahili wasafiri na wenyeji wa Kaze.