Mohamed Amin: Shahidi wa Njaa ya Korem

Nimesomesha sekondari ya misheni miaka mingi, na kuna suali moja wanafunzi hawakuacha kuniuliza: mwandishi anayempiga picha mtu anakufa, mbona haweki kamera chini akamsaidia? Mie nilikuwa nikiwajibu kwa maisha ya mtu mmoja, mwenzetu wa Afrika Mashariki, marehemu Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alifanya kazi reli. Utoto wake mwingi ulikuwa Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza kushika kamera angali mwanafunzi. Alipofika miaka 20 tu, keshafungua kampuni yake, Camerapix. Zanzibar aliijua kwa machungu: katika miaka ya 60 alitiwa jela huko karibu mwezi mzima kwa sababu ya picha alizopiga za mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wageni. Alipotoka akahamia Nairobi.

Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Amin alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufika, akapiga picha huku wenzake wakihangaika kuiokoa roho ya yule bwana. Wapo waliomuona hana huruma. Lakini hebu tuwe wa kweli: yeye hakuwa daktari, na daktari alikuwepo. Angeiweka kamera chini, Mboya asingepona, na Wakenya wangebaki na uvumi tu.

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba 1984, Korem, kaskazini ya Ethiopia. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamelala uwanjani katika baridi ya mlimani, na kila alfajiri maiti zinafunikwa kwa magunia na mashuka. Mwezi uliotangulia, serikali ya Mengistu ilikuwa ikisherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake kwa fahari kubwa, na njaa ile haikutaka itajwe. Amin alifika pamoja na Michael Buerk wa BBC. Akapita baina ya wale watu na kamera begani. Mkate aliokuwa nao ungelisha watu wangapi? Kumi? Ishirini? Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 Oktoba, na baadaye vituo zaidi ya 400 duniani vikaionyesha. Bob Geldof aliiona, ndipo ikaja nyimbo ya Band Aid, na Julai 1985 tamasha la Live Aid. Misaada ikamiminika, na watu wengi mno wakaokoka.

Basi hesabu imekwisha? Kwangu mie bado. Dini yetu inatukataza kuficha ushahidi, lakini pia inatuamrisha stara. Yule mama aliyebeba maiti ya mwanawe alionekana dunia nzima, wala hakuna aliyemuuliza jina. Sisi maiti zetu tunazisitiri; nani kati yetu angeridhia mama yake aonekane vile? Tena picha haisemi kila kitu. Watazamaji wengi waliona ukame tu, hawakuona kuwa kulikuwa na vita Tigray na Eritrea, wala kwamba serikali ile ile ilitumia njaa kuwahamisha watu kwa nguvu kuwapeleka kusini.

Kwa hivyo jibu langu kwa wanafunzi lilikuwa hili. Kama mkono wako unaweza kumuokoa aliye mbele yako, kamera ingoje. Kama hauwezi, shuhudia, lakini ushahidi wako ufike kwa mwenye uwezo wa kusaidia, na useme sababu pamoja na msiba. Anayepiga picha akaondoka, akaiuza na kusahau, huyo hana tofauti na mpita njia.

Amin hakusahau. Ethiopia alirudi tena na tena. Juni 1991 ghala la silaha liliripuka Addis Ababa, mwenzake wa sauti akauawa, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akavishwa mkono wa bandia na kuendelea na kazi.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Ikatekwa nyara, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walifariki, yeye akiwa mmoja wao. Waliosalimika walisimulia kwamba wengine wakiwa wamefunga mikanda, Amin alikuwa amesimama, akisemezana na watekaji. Siku ile hakuwa wa kupiga picha. Alifanya lile dogo aliloliweza.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu na wale wa Korem ambao majina yao hatukuyajua.