Christy Ring

Christy Ring (kwa Kiayalandi: Críostóir Ó Rinn, Oktoba 1920 – 2 Machi 1979) alikuwa mchezaji wa halingi kutoka Eire. Aliichezea timu ya kaunti ya Cork kuanzia 1939 hadi 1963 na alikuwa mchezaji wa kwanza kutwaa medali nane za Ubingwa wa Eire Yote akiwa uwanjani. Wengi humhesabu kuwa mchezaji bora wa halingi wa karne ya 20, ingawa watu wa Limerick humtaja kwanza Mick Mackey.

Halingi ni mchezo wa kale wa Eire. Timu mbili za watu 15 hupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo zenye ncha pana. Mpira ukiingia wavuni ni goli, sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi moja. Wachezaji hawalipwi. Ring mwenyewe aliishi kwa kazi ya udereva wa lori, kwa miaka mingi akisafirisha mafuta.

Maisha ya awali

Alizaliwa karibu na kijiji cha Cloyne, mashariki mwa kaunti ya Cork. Mwaka 1938 alitwaa ubingwa wa Eire wa vijana, na mwaka uliofuata aliitwa timu ya wakubwa. Mwaka 1941 alihamia klabu ya Glen Rovers ya mjini Cork, aliyobaki nayo hadi mwisho.

Miaka ya ushindi

Medali yake ya kwanza, ya 1941, ilipatikana katika mazingira ya ajabu. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulivuruga ratiba, hivyo Cork waliteuliwa kuwakilisha Munster bila fainali ya jimbo kuchezwa. Waliifunga Dublin, lakini fainali ya Munster ilipochezwa baadaye walipigwa na Tipperary. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema walibahatisha, kwani walitwaa ubingwa tena 1942, 1943 na 1944, wakawa kaunti ya kwanza kuushinda mara nne mfululizo.

Fainali ya Munster ya 1944 dhidi ya Limerick bado inasimuliwa. Vita vilikuwa vimeleta uhaba wa petroli, na maelfu ya watazamaji walifika Thurles kwa baiskeli. Mechi ya kwanza ilikwisha sare. Katika marudiano, zikiwa zimebaki dakika chache, Ring alikimbia na mpira kutoka mbali na kufunga goli lililoamua mchezo. Mwaka 1946 alikuwa nahodha Cork walipoifunga Kilkenny. Ushindi mwingine ulifuata 1952, 1953 na 1954, miwili ya mwisho akiwa tena nahodha. Fainali ya 1954 dhidi ya Wexford ilitazamwa na watu zaidi ya 84,000.

Fainali ya 1956

Cork na Wexford walikutana tena 1956, Ring akitafuta medali ya tisa. Katika fainali ya Munster alikuwa ameizima Limerick kwa magoli matatu ndani ya dakika chache. Mbele ya Wexford, dakika za mwisho, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi mbili, alipata nafasi na kupiga shuti kali. Golikipa Art Foley aliuzuia mpira, ukaondolewa, na muda mfupi baadaye Nicky Rackard akafunga upande wa pili. Wexford walishinda 2-14 kwa 2-8. Kipenga kilipolia, walinzi wa Wexford Nick O'Donnell na Bobby Rackard walimbeba Ring mabegani wakamtoa uwanjani, yeye aliyeshindwa. Medali ya tisa hakuipata kamwe.

Aliendelea kucheza hadi kupita umri wa miaka 40. Akiwa na timu ya jimbo la Munster alitwaa Kombe la Reli mara 18.

Baada ya kustaafu

Alikuwa miongoni mwa wateuzi wa kikosi cha Cork kilichotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1976 hadi 1978. Alifariki ghafla mjini Cork kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 58. Hotuba ya maziko ilitolewa na Jack Lynch, waziri mkuu wa nchi wakati huo, ambaye aliwahi kucheza naye Glen Rovers na Cork. Daraja na uwanja mjini Cork vina jina lake, na tangu 2005 kuna Kombe la Christy Ring.