Mtunzi Aliyempisha Nyangumi Aimbe

Ukimsimulia mwenyeji wa Lokitaung habari za nyangumi, huenda akakucheka. Kwao maji makubwa ni Ziwa Turkana. Lakini katika Turkana hiyohiyo, pale Loperot, zaidi ya kilomita 700 kutoka bahari ya leo, mwaka 1964 lilipatikana fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17 iliyopita, aliyepanda mto akapotea njia. Yule alikuwa wa kabila jingine. Wale wa nundu njia yao wanaijua: kila kusi hutoka bahari ya barafu, wakapita pwani yetu kutafuta maji ya uvuguvugu ya kuzalia, na madume huimba.

Aliyewaleta waimbaji hao mbele ya okestra kubwa ni marehemu Alan Hovhaness. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1911 huko Somerville, Marekani, baba Mwarmenia, mama wa asili ya Uskoti. Tangu 1940 alipiga kinanda katika kanisa la Kiarmenia, na sauti za kale za mashariki zikamwingia moyoni. Mwaka 1942, kwenye mafunzo ya muziki ya Tanglewood, kazi yake ilichekwa hadharani na mabingwa wa fani. Tungo nyingi za ujana wake aliziteketeza. Sisi washairi uchungu huo twaujua. Wengi wetu tungeitupa kalamu. Yeye alianza upya, akaenda hadi Uhindi na Japani kujifunza muziki wa huko.

Kufikia 1970 wawindaji walikuwa wamekwisha kuua nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 katika bahari za kusini. Mtaalamu Roger Payne alikuwa na kanda za sauti zao, na Hovhaness akaombwa atunge muziki wa kwenda nazo. New York Philharmonic waliupiga Juni mwaka huo, Andre Kostelanetz akiongoza. Jina alilitoa katika Kitabu cha Mwanzo. Sisi tuliosoma chuoni tungemkumbuka kwanza Nabii Yunus. Hakutosheka kumwiga mnyama kwa ala. Wapiga fidla aliwaachia kila mmoja mwendo wake, sauti zikachafuka kama mawimbi, kisha akampisha nyangumi mwenyewe aimbe kutoka kwenye kanda.

Uamuzi wa kusimamisha uwindaji wa biashara ulipitishwa 1982. Si muziki peke yake uliouleta, lakini sauti zile ziliwafikia wasiosoma ripoti.

Hovhaness alifariki Seattle tarehe 21 Juni 2000, akiacha simfoni 67.