Kipato cha usingizini: Tumtazame Sewa Haji

Mwaka 2019 nilikaa siku 11 Dar es Salaam nikimuuguza baba yangu mdogo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kila nilipopigiwa simu kutoka nyumbani Ngenge, wilayani Muleba, nilijibu kuwa mgonjwa yuko Sewahaji. Nilidhani Sewahaji ni jina la mtaa. Na hakika sikuwa peke yangu, maana kwenye foleni ya kuingia wodini niliuliza watu wanne, watatu hawakujua, na wa nne akaniambia ni jina la daktari wa zamani. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, nimesoma chuo kikuu, na nilikuwa nimepita chini ya jina la Mwislamu yule siku zote hizo bila kumjua!

Nimemkumbuka mwezi uliopita. Nilikwenda Ngenge kwa likizo, na baada ya darsa la jioni vijana watano wakabaki. Walikuwa na swali moja tu. Walitaka Ustaadhi awaambie njia ya halali ya kupata ile hela wanayoiita hela ya kuingia umelala. Mmoja wao alikuwa ameuza fahali wa familia, fedha yote akaiweka katika mpango fulani wa kwenye simu ulioahidi faida kila siku asubuhi. Asubuhi tano faida ilionekana kwenye kioo cha simu. Ya sita mpango ukazimika na fahali akaenda naye. Mama yake bado hajaambiwa.

Ndugu msomaji, sikuwa na ujasiri wa kumcheka kijana yule, kwa sababu na mimi mwaka mmoja niliwahi kupeleka sehemu ya mkopo wangu wa mshahara mahali pa namna hiyo hiyo. Basi badala ya kuwahubiria nikawasimulia habari za Sewa Haji. Hapa nazirudia, pamoja na yale niliyoyasahau siku ile.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, katika familia ya Makhoja wa Ismailia waliotoka Kutch, Bara Hindi. Wapo watakaoninunia kwa kumtaja Ismailia katika safu hii. Waninunie, wodi imejengwa na wagonjwa wetu wamelala humo. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka, na biashara yake ikavuka maji hadi Bagamoyo. Kijana Sewa aliingia katika biashara hiyo akiwa bado hajafika miaka 20.

Bagamoyo ya wakati ule ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara iliondoka pale ikiwa na vitambaa, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti, ikatembea kama miezi mitatu hadi Tabora, na kutoka Tabora njia nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kwa hiyo shanga iliyovaliwa na bibi wa bibi zetu huku Kagera yumkini ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bagamoyo. Kurudi, misafara ilileta pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, begani, kwa miguu.

Sewa Haji aliishi kwa misafara hiyo. Aliuza bidhaa za safari, aliwakopesha wasafiri na wafanyabiashara, alinunua pembe, na aliwatafutia wapagazi waliokuwa hawana. Mwaka 1871 alipokuja yule mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, kumtafuta Livingstone, mmoja kati ya watu aliowategemea Bagamoyo kumpatia wapagazi alikuwa kijana huyu wa miaka 20 hivi. Stanley aliondoka na hasira. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 amemweleza kuwa mjanja asiyekamatika, mwenye hesabu zinazobadilika kila zikikaguliwa. Sasa, Stanley hakuwa shahidi wa kuaminiwa juu ya kila mtu asiye Mzungu. Hata hivyo sitaki kumfanya Sewa Haji walii. Alikuwa mfanyabiashara aliyeujua ugumu wa mteja wake na akaupangia bei.

Tena lipo zito zaidi ya hilo. Biashara ya pembe ilitembea pamoja na biashara ya watumwa katika njia zile zile, na mtu aliyeziuzia bidhaa na kuzikopesha fedha hawezi kusemwa kuwa hakujua kilichokuwa kikiendelea. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa hiari yao, lakini jasho lilikuwa lao na sehemu nono ya faida ilikuwa ya waliobaki pwani. Vijana wangu walinyamaza nilipofika hapa. Nikawauliza: hii hela inayoingia umelala, nani yuko macho? Kwani fedha haitoki hewani. Ukiwa umelala na inaingia, ama kuna mtu anafanya kazi, ama kuna mti unakua, ama kuna nyumba mtu anaikalia na kuilipia, ama kuna mtu mwingine anaibiwa. Yule wa fahali akatazama chini, maana faida ya asubuhi zake tano ilitoka kwa waliojiunga nyuma yake, na yeye alikuwa fungu la walioliwa.

Wazee wetu wa Buhaya hawahitaji kufundishwa jambo hili, wameliona katika nyarubanja. Bwana alikaa, mtu mwingine akalima kibanja, akapalilia migomba na mikahawa, kisha akapeleka kodi au sehemu ya mazao. Yule bwana kweli alipata kipato bila jembe. Serikali iliufuta utaratibu ule miaka ya 1960 na hakuna mkulima aliyeulilia.

Turudi Bagamoyo. Jambo ambalo Sewa Haji alilifanya vizuri, na ndilo lililonifanya nimsimulie, ni kwamba faida ya misafara hakuiacha yote irudi kwenye misafara. Msafara ni biashara ya roho juu: mvua, ndui, vita njiani, mkopaji anafia Ugogo na deni lako. Alikusanya majumba na viwanja, Bagamoyo na pia Dar es Salaam. Hiyo ya pili ilikuwa na maana kubwa. Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na baadaye reli ya kati ilipoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, Bagamoyo ilianza kupoa. Aliyekuwa na nyumba Bagamoyo tu alibaki na kuta nzuri na wapangaji wachache. Kwa hiyo hata kodi ya nyumba, ambayo tunaiona ni kipato cha uhakika, inategemea barabara inapita wapi, na barabara hailali.

Hebu tuihesabu miaka. Alianza akiwa chini ya miaka 20, alifariki akiwa na miaka 46. Robo karne ya kuamka alfajiri! Sehemu ya kulala ilikuja mwishoni, na yeye mwenyewe hakuifaidi sana.

Maana miaka yake ya mwisho alikuwa anatoa. Alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba wasome watoto wa rangi zote, jambo ambalo wakati ule wa ukoloni halikuwa dogo hata kidogo. Alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Na katika wasia wake wa mwaka 1896 majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviweka chini ya serikali, ili mapato yake yawatunze wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo na kuwalisha wagonjwa wa ile hospitali yake. Mwezi Februari 1897 akafariki, Zanzibar alikozaliwa.

Msomaji atakuwa ameliona. Hakugawa nyumba, alielekeza kodi. Nyumba ibaki, mpangaji alipe, mgonjwa ale, na mwenye nyumba yuko kaburini. Kipato cha usingizini zaidi ya hicho sikijui. Sisi jambo hilo tuna jina lake tangu Madina. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba zuri kule Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaelekezwa alizuie shamba lenyewe lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe, na mavuno yake yaende kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wengine wenye haja, na msimamizi wake ale kwa kiasi bila kujilimbikizia. Huo ndio wakfu. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huku bara kila msikiti unajitegemea kwa nguvu na udhaifu wake.

Ila lipo kosa, kwa maoni yangu, katika namna Sewa Haji alivyolifunga jambo lake. Amana aliiweka mikononi mwa serikali ya Kijerumani. Mwaka 1916, miaka 19 baada ya kifo chake, Waingereza waliingia Dar es Salaam na serikali ile ikaondoka. Aliyekabidhiwa amana amefukuzwa nchini, je, hapo wa kuulizwa ni nani? Hospitali iliendelea, mwaka 1956 ikaja hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina la Sewahaji likabaki kwenye jengo la wodi. Jina limebaki, hilo kwa hakika ni jambo kubwa, lakini jina halimnunulii mgonjwa uji. Baba mdogo kwa siku 11 alikula chakula nilichobeba mimi kwenye hotipoti.

Na hapa ndipo habari hii inapotugusa Ngenge.

Msikiti wetu una kiwanja kando ya barabara. Kilitolewa na mzee mmoja, Allah amrehemu, kwa maneno ya mdomo, baada ya swala, mbele ya watu ambao sasa wamebaki wawili. Karatasi ya kiwanja ina jina lake mpaka leo. Paa la msikiti linavuja, na amekuja mnunuzi mwenye shilingi milioni 4 taslimu. Kamati imegawanyika. Wanaotaka kuuza wanasema waumini wanalowa, na ni kweli, mimi mwenyewe nimelowa. Wanaokataa wanataka zijengwe fremu za maduka.

Nilikaa na vijana wale watano tukapiga hesabu kwenye ubao wa madrasa. Fremu moja kwa bei za kwetu inaweza kupangishwa shilingi 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Kuijenga, fundi ametaja milioni 2 na nusu. Maana yake ni karibu miaka 7 kabla haijarudisha gharama yake, na hapo hatujahesabu mwezi usio na mpangaji. Kijana mmoja akasema hiyo ni mingi mno. Nikamkumbusha kuwa mkahawa tu unaupanda leo na unakuweka miaka 3 hivi kabla ya kuuchuma kwa maana, na mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya Kagera mwaka 2006 waliopona njaa ni waliokuwa na kitu cha pili shambani. Mwingine akauliza kwa nini milioni 4 zisiwekwe benki kwa muda maalumu zizae. Nikamjibu bila kuzunguka kwamba faida ya namna hiyo katika benki ya kawaida ni riba, hata ikipewa jina zuri. Tangu Amana Bank ifunguliwe mwaka 2011 Mwislamu wa mjini ana mahali pa kuuliza habari ya mudharaba, lakini milioni 4 za kiwanja ni za mara moja, na kiwanja kikiondoka kimeondoka.

Binafsi nasema kisiuzwe. Paa tulichangie, hata kwa bati moja moja kila Ijumaa, na fremu ijengwe moja, isiwe nne. Kodi yake ikinunua misumari mwaka wa kwanza, tutakuwa tumeanza. Lakini kabla ya tofali la kwanza, kamati isajili wadhamini RITA na kiwanja kihamishwe kwa jina la wadhamini hao, wakati mashahidi wawili bado wako hai na watoto wa marehemu bado wamenyamaza. Mkubwa wao yuko Mwanza. Nimepata namba yake, na nimempigia mara mbili hajapokea.

Mnunuzi naye hajakaa kimya. Jumatano iliyopita alionekana kiwanjani na mtu mwenye kamba, wakipima. Kikao cha kamati ni Ijumaa ijayo baada ya swala, na yule kijana wa fahali ameomba aruhusiwe kuhudhuria.