Mtoto wa Kinyozi Aliyemchora Snoopy

Ukiingia soko la Mitunguu, pita akina mama wa ndizi uende moja kwa moja hadi kwa watu wa mitumba. Inama, chagua polepole. Hapo ndipo mimi humwinda mbwa mweupe mwenye masikio meusi. Kufikia sasa nina tisheti tatu, kikombe kilichovunjika mkono na kitabu kimoja kisicho na jalada. Mamangu huuliza hizo takataka ni za nini.

Pengine hata wewe umewahi kumvaa huyo mbwa bila kumjua. Anaitwa Snoopy. Keti nikusimulie habari za mtu aliyemchora.

Charles Schulz alizaliwa Minneapolis, Marekani, tarehe 26 Novemba 1922. Babake alikuwa kinyozi, na Jumapili wawili hao walikuwa wakisoma katuni za magazetini pamoja. Hata jina lake la utani, Sparky, mjombake alilitoa kwa farasi wa katuni.

Mwaka 1937, mchoro wake wa mbwa wao, Spike, aliyekuwa na tabia ya kumeza pini na nyembe, ulichapishwa gazetini. Kijana alikuwa na miaka 14 tu. Lakini usidhani mambo yalinyooka hapo. Shuleni alianguka masomo kadhaa. Alipopeleka michoro yake iwekwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha shule, ilikataliwa. Akaamua kusomea uchoraji kwa njia ya posta, na unajua kwenye somo la kuchora watoto alipata nini? C+. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo alama huwa naikumbuka sana.

Mwaka 1943, akiwa ndio tu ameingizwa jeshini, mamake alifariki kwa saratani. Kijana akaenda vitani Ulaya na huo uchungu. Aliporudi, alipata kazi ya kusahihisha michoro katika shule ile ile ya posta. Hapo akampenda mwanamke mwenye nywele nyekundu, akamposa, akakataliwa. Sasa ukimwona Charlie Brown akimtazama kwa mbali msichana wa nywele nyekundu, ujue hiyo ilitoka wapi.

Tarehe 2 Oktoba 1950, katuni yake ilianza kwenye magazeti saba. Kampuni iliyoisambaza iliipa jina Peanuts, jina ambalo hakulipenda hadi kufa kwake. Magazeti saba yakaongezeka hadi zaidi ya 2,600, katika nchi 75. Wakati wote huo hakumwachia mtu mwingine kalamu. Mistari, maneno, yote ni mkono wake, kwa karibu miaka 50.

Kuna jambo moja la kutugusa sisi. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu mmoja alimwandikia akimwomba aingize mtoto mweusi. Schulz aliogopa ingeonekana kama anawahurumia watu weusi kwa dharau. Mwishowe alikubali, na Julai mwaka huo Franklin akatokea. Wapo waliolalamika kumwona Franklin darasa moja na watoto wazungu. Hakumtoa.

Mwishoni mwa 1999 alipatikana na saratani, akatangaza kustaafu. Alifariki usiku wa tarehe 12 Februari 2000. Asubuhi iliyofuata magazeti yalifika milangoni yakiwa na katuni yake ya mwisho, ya kuwaaga wasomaji. Jumla alichora 17,897. Familia iliheshimu wosia wake kwamba mwingine asiiendeleze.

Kuanzia 2004, zote zilianza kuchapishwa kwa mpangilio, vitabu 26. Nyingi za miaka ya mwanzo hazikuwa zimewahi kuwekwa kitabuni. Zingepotea hivi hivi kama hakuna aliyeziweka, kwa sababu katuni ya gazeti ni ya siku moja. Jioni inafungia nyama, kesho inawashia jiko.

Na sisi je? Edward Gitau alimchora Juha Kalulu wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Watu wazima hapa Mitunguu ukiwatajia Juha wanacheka kabla hujamaliza. Haya, waulize nani ameweka hata kipande kimoja.

Mimi ninacho kimoja. Nilikipata jikoni kwetu, kwenye gazeti kuukuu ambalo mamangu alikuwa ametandika kwenye kabati ya vyombo. Nilikikata kwa wembe nikaacha shimo. Alinigombeza, halafu akaniomba akione. Akakisoma akiwa amesimama, akacheka peke yake, akaniambia nikiweke mahali pasipo na maji.

Kwa hivyo ukienda ushago, kabla magazeti ya nyanya hayajaenda jikoni, yapekue kwanza.