Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Mtu akiondoka Dar es Salaam kwa gari la moshi, akapita Morogoro na Dodoma na Tabora, mwisho hufika Mwanza, penye ziwa kubwa la Viktoria. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa kaskazini, iko nchi ya Buganda. Akizidi kusafiri kuelekea machweo ya jua hufika nchi ya Toro, penye milima ya Ruwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji ijapokuwa viko karibu na ikweta. Kisha njia hushuka katika bonde lenye joto kali la mto Semliki. Akiisha kuuvuka mto huo hupanda tena mpaka nchi ya Mboga, na mbele yake huona msitu wa Ituri, uliotanda katika Kongo kama bahari isiyo na ufuko. Huko Mboga ndiko alikoishi na kufa mtu ambaye habari zake zinasimuliwa hapa. Hakuwa mfalme wala tajiri, wala hakuacha mali. Lakini watu waliokaa naye walisema kwamba kwa kumtazama walipata kujua kidogo jinsi Mungu alivyo.

Mtu huyo alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika wilaya ya Singo, nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa kuwa yeye alitangulia kuzaliwa aliitwa Waswa, kama ilivyo desturi ya Waganda. Alipokuwa kijana alimsikia Alexander Mackay, yule fundi na mwalimu Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, na maneno yake yakabaki moyoni mwake kama mbegu iliyoangukia ardhi kabla ya mvua. Lakini mvua ilichelewa. Mwaka 1888 vita vilitokea katika Buganda, na watu wa kila dini walimwaga damu ya ndugu zao. Waswa naye akashika silaha. Alizoea maisha ya vita na ya kuteka nyara, akavuta bangi, akawa mtu mkali asiyejali sana mateso ya mwenziwe.

Vita vilipokwisha, moyo wake haukutulia. Akaanza kujifunza kusoma, na kile kitabu alichojifunzia kusoma kilikuwa Injili. Alisoma polepole, na kadiri alivyosoma alijiona kama mtu aliyeletewa kioo baada ya siku nyingi za safari, akaona vumbi lililo usoni mwake. Akaiacha bangi, akaacha na maisha yake ya zamani. Mwaka 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo, kwa ajili ya yule mwalimu hodari anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu alikuwa na koti jekundu la askari, naye alipenda kulivaa juu ya kanzu yake. Maana ya jina hilo ni kitu kilichotoka Ulaya. Apolo hakukasirika. Alilipokea jina la utani, akakaa nalo mpaka kufa kwake.

Mwaka ule ule alijitoa kwenda kufundisha katika nchi ya Toro, na mwaka wa pili yake, yaani 1896, akapelekwa mbali zaidi, ng'ambo ya Semliki, kwa watu wa Mboga. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia, wakashindwa. Chifu wa nchi hiyo, jina lake Tabaro, hakupenda mafundisho yao, na watu hawakuwapa chakula. Walimu wale waliona haya kushika jembe na kulima, kwani walidhani kwamba kazi ya mwalimu ni kitabu tu. Wakarudi kwao.

Apolo alisikia habari hizo, akafikiri. Basi alipofunga safari hakuchukua vitabu peke yake, bali alichukua na jembe. Alipofika Mboga alifyeka, akalima, akapanda chakula chake kwa mikono yake mwenyewe. Watu walikuja kumtazama wakastaajabu, maana hawajaona bado mwalimu mwenye matope miguuni. Lakini mtu anayelima hawezi kusemwa kwamba amekuja kula jasho la wengine. Asubuhi alifundisha kusoma, kisha akaenda shambani. Wengine wakaja kwake shambani kumwuliza maswali, na wengine wakamsaidia kupalilia huku wakisikiliza. Hivyo jembe lilifungua njia ambayo kitabu peke yake hakikuweza kuifungua.

Tabaro hakufurahi. Apolo alikataza ulevi na hirizi, akafundisha kwamba mtu awe na mke mmoja, na chifu akaona kwamba desturi za baraza lake zinaanza kutikisika. Akakataza watu wasimpe kitu. Nyumba ya Apolo ikatiwa moto pamoja na vitu vyake. Yeye mwenyewe akapigwa vibaya. Mtu aliyekuwa askari, ambaye zamani angalilipiza kisasi kabla jua halijachwa, sasa alipigwa wala hakuinua mkono. Alipopata nafuu alijenga nyumba nyingine, akaendelea kufundisha.

Ndipo likaja jaribu lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1898 dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika majani marefu, akafa. Mkuki ule ulikuwa wa Apolo. Ilikuwa bahati mbaya tu, lakini adui zake walipata sababu waliyoitafuta. Chifu akamshitaki kwamba ameua. Apolo akakamatwa, akapelekwa ng'ambo ya mto mpaka Toro, akatiwa gerezani kungoja hukumu. Shamba lake likabaki huko Mboga bila mtu wa kulitazama, na wanafunzi wake wachache wakabaki kama kondoo wasio na mchungaji. Ikiwa angeonekana na hatia, angeweza kunyongwa.

Katika gereza hilo Apolo alihuzunika sana. Hakuogopa kufa tu, bali alihuzunika kwamba kazi itavunjika, na watu watasema kwamba mwalimu wa Injili alikuwa mwuaji. Usiku mmoja, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Yesu Kristo amesimama karibu naye, anang'aa kama jua, akamtia moyo asiogope, maana hatamwacha. Tangu saa hiyo hofu ilimtoka. Baada ya muda mashitaka hayakuonekana kuwa na ukweli, naye akafunguliwa.

Hapo ndipo moyo wa mtu hujulikana. Njia mbili zilikuwa mbele yake. Angaliweza kukaa Toro, ambako alikuwa na rafiki, wala hakuna mtu angalimlaumu. Angaliweza pia kwenda kwa wakuu wa Serikali amshitaki Tabaro kwa kumchomea nyumba na kumpiga. Hakufanya moja wala jingine. Alirudi Mboga kwa watu wale wale, akaingia shamba lile lile, akamsalimu chifu kwa heshima kama mtu asiye na neno moyoni.

Tabaro alikuwa mtu wa vita na wa siasa, na hasira aliifahamu vizuri. Hofu pia aliifahamu, kwa kuwa alikuwa ameiona nyusoni mwa watu wengi. Lakini jambo hili hakulifahamu. Alimwona mtu ambaye hawezi kumtisha, wala hawezi kumchukiza. Polepole moyo wake ukalainika, akaanza kusikiliza. Mwisho wake chifu mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo, kwa jina la yule mtume ambaye naye aliwatesa Wakristo kwanza. Basi watu wa Mboga walikuwa wamesikia mara nyingi kwamba Mungu huwasamehe adui zake, nao sasa waliona kwa macho yao jinsi msamaha unavyokuwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na mwaka 1903 akawa padre. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa katika Toro, kwa sababu mipaka ya Waingereza na Wabelgiji ilitengenezwa upya, na Mboga ikahesabiwa kuwa nchi ya Kongo. Lakini hakuwasahau watu wake. Karibu na mwaka 1915 alirudi kwao kukaa, wala hakuondoka tena ila kwa safari. Hakuoa. Nyumba yake ilijaa vijana, na wengi wao walikuwa hawana mtu wa kuwatunza. Aliwalisha, akawafundisha kusoma na kufanya kazi, na baadhi yao wakawa walimu katika vijiji vya mbali. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa aliwagawia wenye shida. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, huko Kampala. Akaipokea heshima hiyo, kisha akarudi kwenye nyumba yake ya majani.

Tena, kulikuwa na watu ambao Apolo hakuweza kuacha kuwafikiri. Katika msitu wa Ituri wanaishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, hodari wa kuwinda na wenye kujua kila mti na kila sauti ya msituni. Jirani zao waliolima pembezoni mwa msitu walichukua nyama na asali yao, lakini wengi waliwadharau, hata wengine wakasema kwamba si watu kamili. Apolo hakukubali maneno hayo. Mwaka 1921, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka karibu 57, aliingia msituni kuwatafuta. Hakwenda na askari wala bunduki. Alikwenda kama mgeni anavyokwenda kwa watu wenye nyumba yao, akajifunza lugha yao, akakaa nao katika mabanda yao ya majani, akala nao. Kwa msaada wao aliitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Kwa kufanya hivyo alitangaza wazi kwamba watu waliodharauliwa ni watu ambao Mungu husema nao, tena kwa maneno waliyonyonya kwa mama zao.

Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alikuwa ameagiza neno moja juu ya kaburi lake. Kwa desturi maiti alilazwa kichwa kikielekea mashariki, lakini yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ili kila atakayeliona kaburi lake akumbuke kwamba kazi haijaisha. Wakamfanyia kama alivyotaka. Kanisa la Anglikana katika Kongo, ambalo siku hizi lina dayosisi nyingi, lilianzia katika shamba lile la Mboga. Kila mwaka tarehe 30 Mei Wakristo wa kanisa hilo humkumbuka.

Wengi hudhani kwamba tabia ya Mungu huonekana katika mambo makuu tu, kama miujiza na mahubiri mbele ya makutano. Lakini tukiyahesabu mambo yaliyowageuza watu wa Mboga, tutaona kwamba mengi yalikuwa madogo. La kwanza ni jembe, maana Mungu hutenda kazi daima, wala mtumishi wake hawezi kuidharau kazi ya mikono. La pili ni salamu aliyompa adui, maana Mungu huwanyeshea mvua wema na wabaya. La tatu ni kuketi chini pamoja na watu ambao wengine hawakutaka kuketi nao, maana Mungu hana upendeleo. Mambo hayo matatu hayahitaji safari ya kwenda Ituri.

Mtoto anayekaa Kinondoni au Temeke ana Mboga yake karibu na mlango wa nyumba yao. Anapochota maji na kumtua jirani aliye mzee ndoo yake, ameshika jembe la Apolo. Anaporudishiwa dukani fedha zilizozidi, naye akazirudisha ingawa mwenye duka hajui, watu hujifunza kwake kwamba Mungu ni wa kweli. Mwenziwe aliyemsingizia jana, akimsalimu leo kwa moyo mweupe, amepita njia aliyoipita Apolo alipotoka gerezani. Na yule mwanafunzi mgeni, ambaye wengine humcheka kwa nguo zake au kwa lafudhi ya kabila lake, akipata mtu wa kukaa naye wakati wa mapumziko, atakuwa amemwona Apolo akiingia msituni. Katika mitaa hiyo wako jirani wengi wasiofika kanisani kamwe, wengine wa dini nyingine, wengine wasiojali dini. Hao hawasomi Injili iliyoandikwa. Husoma maisha ya Mkristo anayekaa nao kila siku, na aghalabu hicho ndicho kitabu pekee watakachokifungua. Apolo Kivebulaya alilijua jambo hilo tangu siku alipoweka jembe begani akashika njia ya kwenda Mboga.