Leonhard Euler: Kipofu aliyetuachia siri ya kona

LEONHARD Euler alizaliwa Basel, Uswisi, Aprili 15, 1707. Baba yake, mchungaji, alitaka kijana amfuate madhabahuni. Mwalimu wake, Johann Bernoulli, alikwishakiona kipaji chake, akamshawishi mzee amwache asome hisabati. Mwaka 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi, kwenye Akademi ya Sayansi.

Huko alipewa pia kazi ya ramani za dola hilo. Ilipofika 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limepofuka, naye akailaumu kazi hiyo.

Mwaka 1744, akiwa Berlin, alichapisha kitabu kilichochunguza, pamoja na mengine, namna ukanda mwembamba unavyopinda. Kati ya mipindo aliyoieleza, mmoja huanza ukiwa umenyooka, kisha ukali wake huongezeka kwa kiwango kilekile kadiri unavyosonga mbele. Swali moja lilimshinda: hujizungusha hadi kuishia wapi?

Alirejea St Petersburg mwaka 1766, na jicho la pili nalo likazimika. Hakustaafu. Alipiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakiandika. Mwaka 1781, akiwa kipofu, alipata jibu. Alifariki Septemba 18, 1783.

Karne iliyofuata wahandisi wa reli waliona kuwa treni ikitoka kwenye njia iliyonyooka na kuingia ghafla kwenye duara, hupata mshtuko. Dawa ilikuwa mpindo uleule. Wajenzi wa barabara nao wakaufuata, maana humruhusu dereva kuzungusha usukani polepole.

Sasa umefika kwenye ramani za kidijitali. Ramani nyingi za simu huhifadhi barabara kama nukta zilizounganishwa kwa vipande vilivyonyooka. Mahali kama mlima Kitonga, Iringa, nukta zikiwa chache, kona kali inaweza kuonekana ya kawaida. Zikiwa nyingi mno, data huwa nzito. Gari linalojiendesha haliwezi kubahatisha hapo. Ndiyo maana mfumo wa OpenDRIVE unaweza kuandika mpindo wenyewe: unapoanzia, unakoelekea, urefu wake, na ukali wake mwanzoni na mwishoni. Namba chache tu, na kona imekamilika.

Ramani zilimgharimu Euler jicho, kwa hesabu yake mwenyewe. Leo ni hesabu zake zinazoiwezesha ramani kuiona kona kabla dereva hajaifikia.